Deni la Anayeoneshwa Picha

Mpiga picha wa ridhaa hana mteja. Hapigi harusi wala mahafali, hakuna gazeti linalosubiri kazi yake, na hakuna mhariri wa kumwambia rudia. Anapiga mawingu yaliyotanda juu ya bahari, mama anayegeuza vitumbua, paka aliyejilaza barazani, kisha anawatumia wenzake wenye ugonjwa huohuo wa kamera, na chini yake anaandika swali moja: mnaionaje? Majibu humfikia kabla hajairudisha simu mfukoni. Umetisha kaka. Kali sana. Hiyo moto. Fundi! Vidole gumba vinafuatana. Hakuna aliyedanganya hapo, kwa sababu hakuna aliyesema lolote. Mara mojamoja hujitokeza wa upande wa pili, ambaye kwake kila picha ni takataka: umekata miguu, upeo umelala upande, nenda kwanza ukajifunze kamera. Huyu naye hupata wa kumpongeza, eti anasema ukweli. Nataka kuuliza jambo ambalo ni la maadili kabla halijawa la sanaa: mtu akikuonesha picha yake na kukuuliza unaionaje, anakudai nini? Na ukimjibu ilimradi umejibu, je, umemtendea hisani au umemdhulumu?

Kwa kawaida suala hili hujadiliwa kana kwamba lina pande mbili tu, ukweli na upole. Tumwambie ukweli aumie, au tumpe sifa afurahi? Kila mmoja huchagua kwa tabia yake, na mjadala huishia hapo. Nadhani ulianza mahali pasipo pake. Mpaka mafuta anayesifu kila picha na mpondaji anayeziponda zote, pamoja na ugomvi wao wote, wameafikiana katika jambo moja: kwamba kilichoombwa ni hukumu, nzuri au mbaya, ngapi juu ya kumi. Hoja yangu ni kwamba hukumu ndiyo sehemu ndogo kabisa ya deni hilo. Anayeonesha picha anadai macho ya mwenzake. Anataka kujua picha imemfanya nini mtu ambaye hakuwapo ilipopigwa. Yeye mwenyewe hawezi kulijua hilo, hata awe na kipaji cha namna gani, kwa sababu alikuwapo: anakumbuka baridi ya alfajiri, harufu ya samaki, maneno aliyotupiana na mwenye ngalawa, na yote hayo anayaona ndani ya picha ilhali hayamo. Mtazamaji anacho kilichomo tu. Ushahidi wake juu ya hicho kilichomo ndicho kitu pekee ambacho mpiga picha hawezi kujitengenezea mwenyewe.

Dini zimelitazama jambo hili kwa ukali kuliko tunavyodhani. Katika Uislamu, kumnasihi anayekuomba nasaha kumetajwa katika hadithi kuwa miongoni mwa haki za Mwislamu kwa Mwislamu mwenzake, pamoja na kumrudishia salamu, kumzuru akiugua na kusindikiza jeneza lake. Yaani haikuwekwa katika fungu la ukarimu ambao mtu hutoa akijisikia. Imewekwa katika fungu la haki, na haki isipotolewa huitwa dhuluma. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini aliiweka sifa miongoni mwa maafa ya ulimi, jirani kabisa na uongo na usengenyi. Alihesabu madhara yake kwa pande zote mbili. Anayesifu huenda akavuka mipaka mpaka akaingia katika uongo, huenda akafanya ria, na huenda akasema jambo ambalo hana hakika nalo. Anayesifiwa huingiwa na kiburi, au huridhika na nafsi yake akalegea. Hilo la mwisho sisi tumelijua bila kitabu, kwa mgema aliyesifiwa akatia tembo maji. Lakini linalonigusa zaidi ni lile la kusema usichokihakikisha, kwa sababu halimhusu mwongo. Linamhusu mtu mwema kabisa anayeandika “kali sana” chini ya picha aliyoitazama kwa nusu sekunde. Picha yenyewe huenda kweli ikawa kali. Kosa lake ni kwamba yeye hajui. (Mabishano ya wanazuoni juu ya uhalali wa picha yenyewe nayaacha kando, Pwani hayajaisha, na mimi hapa nazungumzia ulimi, si kamera.)

Pingamizi la kwanza ni la zamani, na lina wafuasi wengi: uzuri haubishaniwi, kila mtu na jicho lake, ukipenda chongo huita kengeza. Kama ni hivyo, hakuna ushahidi wa kutoa, kuna mapendeleo tu, na pendeleo langu halikufai kitu. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alilishughulikia pingamizi hili katika insha yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha, na humo alikisimulia upya kisa alichokichukua kwa mwandishi wa riwaya Cervantes. Jamaa wawili wa Sancho, mhusika wa Cervantes, wenye sifa ya kujua mvinyo, waliitwa waonje pipa moja. Wa kwanza akaonja, akafikiri, akasema ni mvinyo mzuri, ila una kaladha kadogo ka ngozi. Wa pili naye akausifu, ila yeye alisikia chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipomalizika, chini yake pakakutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume alikitumia kisa hicho kuonesha kwamba wako wenye hisi nyepesi kuliko wengine, na kwamba waamuzi wa kweli wa sanaa ni watu wachache waliozoea, waliolinganisha vingi, na waliojisafisha na upendeleo. Mimi kisa hichohicho kinanipa funzo lingine. Katika hukumu, waonjaji wale hawakutofautiana hata kidogo: wote walisema mvinyo ni mzuri, na hukumu hiyo haikumfaa mtu yeyote. Kilichofaa ni ushahidi wa ndimi zao, na ushahidi huo ulikuwa tofauti, na wote ulikuwa kweli. Mmoja aligusa ngozi, mwingine chuma, na ufunguo ulikuwa navyo vyote.

Tuchukue picha ya aina inayopigwa kila siku. Bibi ameketi mlangoni akisuka ukili. Mwanga unaingia kutoka kushoto na kuangukia mikono yake. Uso umebaki kivulini kidogo. Nyuma, upande wa kulia, kuna ndoo nyekundu ya plastiki, na juu ya kichwa cha bibi unapita waya wa umeme uliofika hadi ukingoni mwa picha. Mpaka mafuta ataandika kwamba ni kali. Mpondaji ataandika kwamba nyuma pamechafuka. Sasa chukua mtu wa tatu, ambaye hata kamera hana, aseme hivi: jicho langu lilikwenda kwenye ndoo kwanza, likarudi kwenye mikono likakaa hapo, na uso nimeuona mwisho kabisa, sikujua kama bibi ana furaha au amechoka. Mtu huyu hajahukumu chochote. Hajasema ndoo iondolewe. Pengine mpiga picha aliitaka ile ndoo, maana bila rangi ile mlango mzima ungekuwa vumbi na kijivu. Pengine hakuiona kabisa mpaka alipoambiwa. Vyovyote iwavyo, sasa anajua jambo la kweli juu ya picha yake ambalo dakika moja iliyopita hakulijua. Hapo ndipo ninapoachana na Hume. Ili kutoa hukumu yenye uzito labda mtu anahitaji miaka ya mazoezi. Ili kutoa ushahidi wa jicho lake anahitaji subira tu. Kwa hiyo udhuru wa “mimi si fundi, nitasemaje” hausimami. Fundi atakuambia namna ya kurekebisha. Asiye fundi anaweza kukuambia kilichotokea, na mara nyingi hicho ndicho kinachokosekana.

Waliowahi kulielewa hili vizuri walikuwa wapiga picha wa ridhaa wa Uingereza, ambao tangu karne ya 19 waliunda vikundi vya kuzungushiana picha kwa posta. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Furushi la picha lilitoka kwa mwanachama mmoja kwenda kwa mwingine kwa zamu. Kila aliyelipokea alizitazama picha zote, akaandika maoni yake juu ya kila moja, kisha akalipeleka mbele. Lilipokurudia ulitoa picha yako ya zamu iliyopita, ukasoma yaliyoandikwa na kila mkono ambao picha hiyo iliupitia, ukaweka picha mpya, na mzunguko ukaanza tena. Mfumo huo ulikuwa wa taratibu mno, na taratibu hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake. Furushi lilikaa nyumbani kwako. Ulilipia stempu. Mwenye picha angeyasoma maneno yako kwa mwandiko wako, na wenzako wote wangeyasoma pia. Katika hali kama hiyo, kuandika neno moja tupu la sifa kungekuwa kujitangaza kwamba hukutazama. Sisemi turudi posta. Nasema wasiwasi kwamba upigaji picha wa ridhaa hauwezi kubeba ukosoaji wa makini ni wasiwasi ambao historia imeshaujibu: ulibeba, na waliofanya hivyo hawakuwa wasomi wa sanaa, walikuwa watu wenye kazi zao nyingine.

Wasiopenda kukosolewa hupenda kumtaja Julia Margaret Cameron, na wana haki ya kumtaja, kwa hiyo inafaa tukae naye kidogo. Alizaliwa Calcutta mwaka 1815. Alikuwa na miaka 48 alipopewa kamera na binti yake, mwaka 1863, akiishi Freshwater katika kisiwa cha Wight. Stoo ya makaa akaifanya chumba cha giza, na banda la kuku, baada ya kuwahamisha kuku, akaligeuza studio. Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilitakiwa kisafishwe picha yake kikiwa bado kibichi. Kosa dogo la mkono lilibaki pale milele. Picha za Cameron zilikuwa na makosa hayo tele: michirizi, alama za vidole, nyufa, na juu ya yote ukungu, kwa sababu aliacha kuzungusha lenzi pale sura ilipompendeza badala ya pale ilipokuwa kali. Jarida la chama cha wapiga picha cha London halikumhurumia. Lilimwona mtu mwenye mawazo asiyejua kazi. Leo anahesabiwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa sura za watu wa karne yake, na lile jarida linakumbukwa kwa kumkosea. Basi, husema watu, wakosoaji ni vipofu, angewasikiliza angeharibikiwa.

Tazama tena, hata hivyo, walisema nini hasa. Walisema picha hazina ukali. Kweli. Walisema zina michirizi na madoa ya vidole. Kweli pia, ukizitazama leo bado yapo. Macho yao hayakuwadanganya hata kidogo. Walichokosea ni kuondoka mbio kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye hukumu, wakidhani kwamba lengo la kila picha ni ukali na kwamba anayeukosa ameshindwa. Cameron mwenyewe aliiona tofauti hiyo. Katika barua kwa rafiki yake mwanasayansi John Herschel aliuliza ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba fokasi fulani ndiyo halali. Hakukana kwamba picha zake zina ukungu. Alikana kwamba ukungu ni hatia. Na wanaomtumia kama kinga dhidi ya ukosoaji huisahau sehemu ya pili ya kisa. Cameron aliutafuta ukosoaji, tena wa picha zake mbovu. Mchoraji George Frederic Watts, rafiki yake, ndiye aliyekuwa akimpa ushauri wa wazi, na alimwandikia asimtumie nakala za gharama zilizokwisha kubandikwa vizuri, amtumie zile zenye kasoro ambazo hazijabandikwa, kwani angeweza kuzipima vilevile. Fikiria maana yake. Mwanamke huyohuyo aliyelipuuza jarida zima alikuwa na mtu wa kumpelekea picha zilizoharibika ili amwambie anaona nini. Tofauti ya Watts na jarida haikuwa upole. Watts alijua Cameron anatafuta nini, akapima picha kwa kile kilichotafutwa. Jarida lilipima kwa kile ambacho lenyewe lingekitafuta.

Hapo ndipo deni la mtazamaji linapopata sharti lake la pili. Kusema ulichokiona ni nusu. Nusu nyingine ni kuuliza mwenzako alikuwa anataka nini. Bila swali hilo hata ushahidi wa kweli hugeuka fimbo. Na hukumu, ikiwa lazima itolewe, itolewe na mtu anayejua kwamba huenda asiishi nayo muda mrefu. Peter Henry Emerson, daktari aliyeacha udaktari kwa ajili ya kamera, mwaka 1889 alichapisha kitabu kilichoweka sheria za picha ya asili na kuwashambulia wote waliokwenda kinyume. Haikutimia miaka 2 akatoa kijitabu chenye ukingo mweusi, kama tangazo la msiba, kutangaza kifo cha mafundisho yake mwenyewe. Waliotii hukumu zake walibaki hawana mwalimu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni la huruma. Huyu ni mtu wa ridhaa. Mchana kutwa anahesabu fedha za watu benki, au anachoma sindano wodini, na kamera ndiyo pumziko lake. Hatafuti tuzo. Kwa nini tumbebeshe mzigo wa kukosolewa, wakati neno moja la sifa halitugharimu kitu na linampa usingizi mzuri? Ninakubali sehemu ya hoja hii. Asiyeuliza asijibiwe, mtu aliyetuma picha ya mwanawe katika sikukuu ya kuzaliwa hakuomba kuambiwa upeo wa macho umelala. Wapo pia wanaouliza kwa mdomo tu, na mwenye busara huwatambua. Lakini anayeuliza kweli yuko katika hali ambayo mpiga picha wa kulipwa hayuko. Wa kulipwa hupata majibu hata asipoyaomba: mteja harudi, mhariri anampa mwingine kazi, bili hailipwi. Wa ridhaa hana kengele hiyo. Anaweza kurudia kosa moja kwa miaka 20 na hakuna kitakachomwamsha, isipokuwa mwenzake. Kwa hiyo huruma inayomnyima ushahidi inamnyima njia yake ya pekee. Tena ina dharau iliyofichwa ndani yake: imeshaamua kwamba huyu hafai kuambiwa kwa kuwa hataweza zaidi ya hapa. Hatumsifu ovyo yule tunayemwamini. Mtoto tunamsifia mchoro wake wa nyumba yenye jua kwenye kona, kwa sababu hatumtegemei kuwa mchoraji. Kumfanyia mtu mzima vivyo hivyo ni kumshusha umri.

Na ushahidi, tofauti na hukumu, haumvunji mtu. “Picha mbaya” ni mlango uliofungwa. “Uso wa bibi nimeuona mwisho” ni jambo la kufikiria. Anayejifunza hawezi kufanya lolote na la kwanza ila kuamini au kukasirika. La pili anaweza kulijaribu kesho asubuhi mlangoni kwa bibi yuleyule.

Linabaki tatizo la kundi. Watu wakitazamana picha kwa muda mrefu huanza kufanana, na klabu za picha zimesifika vibaya kwa hilo duniani kote: machweo yaleyale, mvuvi yuleyule akirusha wavu, mzee yuleyule mwenye makunyanzi kwa rangi nyeusi na nyeupe. Siwezi kulikana, kwa kuwa ni kweli, na kundi linalogawa alama huzaa ufanano kuliko lolote jingine, kwani kila mtu hujifunza upesi kinacholeta alama. Lakini kundi halilazimiki kwenda huko. Mwaka 1939 watu wa ridhaa wa São Paulo, Brazil, walianzisha klabu iliyokuja kuitwa Foto Cine Clube Bandeirante. Waliingia humo mawakili, wafanyabiashara, wahandisi, watu wa benki. Walikuwa na mashindano yao ya ndani na jarida lao, na walibishana sana. Geraldo de Barros, mfanyakazi wa benki, alikwaruza hasi zake na kupiga picha juu ya picha, mambo yaliyowaudhi baadhi ya wenzake. Gertrudes Altschul, mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani aliyeishi kwa kutengeneza maua ya bandia ya kofia, alipiga jani moja kwa karibu mpaka mishipa yake ikawa kama kazi ya sonara. Mwaka 2021 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilifanya maonesho mazima juu ya kazi za klabu hiyo. Ubishi haukuwafananisha, ukiniuliza, nitasema ni ubishi uliowatofautisha, kwa maana mtu hujua msimamo wake pale anapoambiwa na mwenzake anayemheshimu kwamba ameona kitu kingine.

Vivian Maier nitamtaja kwa ufupi, kwa vile hutajwa kila mara. Alikuwa yaya huko Chicago, akapiga picha zaidi ya laki moja, hakumwonesha karibu mtu yeyote, na filamu nyingi hakuzisafisha hata kidogo. Kazi yake ilianza kujulikana baada ya mali zake kupigwa mnada mwaka 2007, miaka miwili kabla ya kifo chake. Basi ukosoaji si lazima? Si lazima, na sijasema ni lazima. Picha nzuri inaweza kuzaliwa upwekeni. Nilichosema ni juu ya deni linalozaliwa mtu anapouliza, na Maier hakuuliza.

Atakuja wa mwisho na kusema hana muda. Picha 100 kwa siku katika kila kundi, ataitazama ipi kwa subira? Jibu lake ni jepesi kuliko anavyodhani: anyamaze. Kimya si uongo. Tumejizoesha kuona kwamba kutojibu ni ukosefu wa adabu, na kutokana na adabu hiyo ndipo mafuriko ya “kali sana” yanapotoka. Mtu aliyetazama picha 1 kwa wiki na kusema alichokiona amelipa zaidi ya aliyesifu 700.

Nimeliita deni la macho, na ni lazima nilifuate mpaka mwisho wake, hata pale linapowakera wapiga picha wenyewe. Iris Murdoch, mwanafalsafa aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya, katika kitabu alichokitoa 1970 alitoa mfano wa mama mkwe. Mama huyu anamwona mke wa mwanawe ni msichana asiyefundwa, mwenye kelele, wa kitoto. Kwa nje hamfanyii ubaya wowote. Siku moja anajisaili: pengine nina wivu, pengine nimezoea mambo ya zamani, hebu nimtazame tena. Anamtazama, na polepole anaona unyofu pale alipoona ushamba, na uchangamfu pale alipoona kelele. Hakuna tendo lililobadilika, lakini kwa Murdoch, aliyejifunza jambo hili kwa mwanafalsafa Simone Weil, kazi nzito ya maadili imefanyika hapo: kuona kwa haki. Sasa katika picha nyingi tunazooneshana kuna mtu wa tatu ambaye hakuuliza kitu. Mtoto mwenye nzi kwenye macho. Mwenye maradhi ya akili anayelala sokoni. Mama aliyefunuka kifua akinyonyesha ndani ya daladala. Chini yake wataalamu wanaandika juu ya mwanga mtamu, hisia kali, mistari inayoongoza jicho. Wametazama kila kitu isipokuwa mtu.

Naijua hoja ya upande wa pili, kwamba bila picha za taabu dunia isingejua taabu, na kwamba wapiga picha wa habari wangefungwa mikono. Lakini mpiga picha wa habari ana mhariri na ana maadili ya kazi ya kumuuliza. Mtu wa ridhaa, tumekwisha kuona, ana wenzake tu. Kwa hiyo swali ambalo mhariri angeliuliza linatuangukia sisi. Ukioneshwa picha ya namna hiyo na kuulizwa unaionaje, usianze na fokasi. Muulize mwenzako kama mwenye sura anajua picha yake imefika wapi, na angejisikiaje kuiona hapa. Akikosa jibu, mwambie aishushe, hata kama mwanga wake ni mzuri kuliko wote mliouona mwaka huu.